Uzi wa Zambarau Chini ya Dashibodi

Kila fundi wa umeme wa magari ana namna yake ya kufungua kazi. Wapo wanaoanza kwa kupapasa betri, wapo wanaoanza kwa kuulizia chai. Daktari alianza kwa kusema watu. Hakumsema mwenye gari, thubutu, mwenye gari ndiye aliyemletea riziki mlangoni. Alimsema fundi aliyetangulia, yule asiyekuwepo na asiye na wa kumtetea. Alikuwa akifungua boneti, anaingiza kichwa, anakaa kimya kidogo kama mtu anayesomewa habari za msiba, kisha anakitoa kichwa na kuuliza kwa sauti ya kufika barabarani:

"Nani aliyekufanyia unyama huu?"

Hapo mwenye gari husogea karibu. Hata kama shida ni balbu tu, akisikia neno unyama anaanza kujiona ameponea chupuchupu, na aliyemponya ni huyu huyu aliyesimama mbele yake na bisibisi sikioni. Mafundi karibu wote wana tabia hiyo. Daktari aliifanya kuwa sanaa.

Jina la Daktari hakupewa na chuo. Alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake ya mabati, DAKTARI WA NYAYA, na pembeni akachora betri yenye macho mawili ambayo watoto wa jirani waliiogopa kuliko mbwa. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Mbele ya pazia palikuwa pake, nyaya, dinamo zilizokufa na harufu ya asidi. Nyuma ya pazia palikuwa pa mkewe, fundi cherehani, na nguo za watu zikiningʼinia. Ikitokea kelele ya cherehani imekatika, Daktari alijua mkewe anasikiliza.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja aliyeitwa Mwalimu, ambaye alikuwa na kibanda bondeni, kwenye uwanja wa chama cha wafugaji, na ndiye aliyeyatunza magari yote ya maziwa. Mwalimu alimfundisha kusoma waya kwa rangi yake, kusikia joto la fyuzi kwa mgongo wa kidole, na kutoamini tepu nyeusi hata siku moja. Yeye akikuta kazi mbaya ya mtu mwingine alikuwa na sentensi moja tu: "Mwenzetu alikuwa na haraka." Basi. Anafumua, anatengeneza, anafunga. Daktari aliyachukua yote ya mzee isipokuwa sentensi ile. Aliona haina biashara ndani yake.

Asubuhi ya mambo haya ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Pikapu ya kijani ilipanda kilima taratibu, dereva wake kichwa kikiwa nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Alikuwa Mama Maziwa, mwanamke anayekusanya maziwa ya wafugaji kabla jua halijafikiria kutoka, na mjumbe wa kamati ya chama. Alishuka kilemba kikimchuruzika maji.

"Daktari, mimi nitakufa. Kioo kinajaa ukungu sioni mbele. Hita inapuliza baridi kuliko ya nje. Na ukiiwasha tu, tap! Waipa zinakufa, indiketa zinakufa, nabaki kupunga mkono dirishani kama kiongozi wa nchi."

"Na mkono wenyewe unaonekana, mama?" aliuliza Mnyoosha Bodi, jirani wa karakana, aliyekuwa amekwisha acha nyundo yake chini. Huyo alikuwa hapitwi na jambo. Watu wawili watatu waliokuwa wakisubiri mvuke wa chai wakasogea nao.

Daktari alifungua kisanduku cha fyuzi. Akakaa kimya kile kimya chake. Kisha akachomoa fyuzi moja na kuinua juu watu waione. Ilikuwa imeungua siku nyingi, na mtu alikuwa ameizungushia karatasi inayongʼaa ya pakiti ya sigara ili umeme upite hivyo hivyo.

"Nani," alisema, na sauti ikaenda barabarani, "aliyekufanyia unyama huu?"

"Mimi nimelinunua kwa dalali likiwa kijani hivi hivi," alisema Mama Maziwa. "Tangu ninunue halijaguswa na mtu. Labda Mwalimu, alinibadilishia taa ya nyuma."

Hapo Daktari angeweza kusema taa ya nyuma iko nyuma na fyuzi iko mbele. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, fyuzi ilikuwa bado hewani, na yeye hakuwahi katika maisha yake kushusha kitu hewani bila kukitolea hotuba.

"Simtaji mtu," alisema, kwa namna ya anayemtaja. "Mwalimu ni mzee wangu, namheshimu. Ila macho yake, jamani, tuambiane ukweli. Siku hizi anashika waya kama anayetafuta sindano kwenye nyasi. Nilimwona juzi anasalimiana na nguzo."

Wakacheka. Mnyoosha Bodi alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Daktari alicheka pia, kwa sababu ilikuwa imetoka vizuri.

"Fyuzi ni mlinzi, mama. Mtu kamfunga mlinzi mikono. Waya ungepata moto na mlinzi anatazama tu. Ungewaka humo ndani na makopo yako, tungekuja kukuchota kwa sepetu."

Aliyesita kucheka ni Mama Maziwa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huyo mzee ndiye anayeshika magari yote ya chama," alisema. "Magari yote. Na vijana wetu ndio wanaoyaendesha." Akajifunga kilemba upya, akakaza fundo. "Tengeneza. Mimi nashuka bondeni kwa miguu."

"Mama, sikuwa na maana kwamba..." alianza Daktari. Lakini mama alikuwa amekwisha mezwa na ukungu, na mteja mwingine alikuwa anacheka bado kuhusu nguzo, na kicheko cha mtu ni kitamu.

Akachomoa droo ya dashibodi, akalala chali sakafuni mwa pikapu, miguu ikichungulia mlangoni, tochi mdomoni. Alikuwa anatafuta waya wa feni ya hita. Akaupata, na alipoupata akafurahi, maana ulikuwa mbaya kuliko alivyotarajia. Feni haikuwa na njia yake yenyewe ya umeme. Mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda zake alikuwa ameikopea umeme kutoka kwenye waya wa waipa, kwa kiwaya chembamba cha spika ya redio. Kiwaya kilikuwa kimepata moto, ngozi yake imeyeyuka, na pale kilipopita kwenye bati kilikuwa uchi kabisa. Ukiwasha hita, feni inakitikisa, kinagusa bati, umeme wa waipa na indiketa wote unakwenda na maji. Ndiyo tap ya Mama Maziwa. Daktari alianza kupanga maneno. Atasema hii si kazi, hii ni kaburi lenye swichi. Akashika kiungo, akavuta tepu nyeusi, ikatoka kwa gundi yake kama ngozi ya nyoka.

Chini ya tepu palikuwa na uzi. Umezungushwa kwa nadhifu, mzunguko kwa mzunguko, kama wa mtu aliyeona fundi cherehani akifanya kazi. Ulikuwa wa zambarau.

Tochi ikamtoka mdomoni.

Uzi ule aliujua kuliko alivyojua namba yake ya simu. Mkewe aliagizwa majoho ya kwaya, akanunua gurudumu zima la uzi wa zambarau, kwaya ikabadili rangi, gurudumu likabaki. Hakuna mwingine aliyekuwa na uzi wa rangi mbaya kama ile. Daktari alipokuwa ameishiwa tepu, au tepu iliyobaki inatosha mzunguko mmoja tu, alinyoosha mkono nyuma ya pazia.

Akaokota tochi, akamulika bati nyuma ya droo, mahali ambapo mpiga rangi huwa hafiki. Bati lilikuwa jeupe, lenye mstari mwekundu.

Pikapu nyeupe. Mfanyabiashara wa mbao. Mvua inapiga mabati, mtu amesimama mlangoni anatikisa funguo, "Fundi, we fanya tu liwake, nasafiri." Na Daktari akafanya tu likawaka. Karatasi ya sigara ilitoka kwenye pakiti ya huyo huyo mwenye mbao. Na alipolalamika injini inachemka, Daktari alimwita hata makanika? Hakumwita. Aliing'oa themostati mwenyewe, akasema kidude hiki hakina kazi huku kwetu, na ndiyo maana mpaka leo maji ya injini hayapati moto wa kutosha na hita inapuliza baridi. Alimwambia mtu wa mbao arudi akishamaliza safari, amfanyie kazi ya kueleweka. Pikapu nyeupe haikurudi. Ilikwenda kwa dalali, ikapakwa kijani, ikampitia mlangoni mara ngapi na yeye hakuitambua, kwa kuwa gari lenyewe hakulitazama usoni hata siku ile.

Joto lilianza masikioni, likashuka shingoni, likaenea. Alikuwa amelala mahali pa baridi na jasho linamtoka.

"Daktari!" sauti ya Mnyoosha Bodi ilikuja kutoka upande wa miguu. "Umekuta nini huko? Tuambie na sisi tucheke."

Watu walikuwa bado wapo. Walikuwa wanasubiri.

"Panya," alisema Daktari.

"Panya?"

"Wametafuna."

Akakata kile kiungo kwa koleo, uzi na yote, akakitia mfukoni mwa koti.

Kazi aliyoifanya siku ile hakuwahi kuifanya tangu awe fundi. Aliipa feni waya wake yenyewe, mnene, kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, na kila kiungo akakilehemu. Alitafuta themostati mpya mpaka akaipata. Alifungua mipira ya hita akasukuma maji ndani yake mpaka tope jekundu likaisha likatoka safi. Hakusema neno. Mnyoosha Bodi alipita mara mbili kumtazama, akauliza kama anaumwa.

Jioni inakaribia Mama Maziwa akarudi. Akawasha injini, akasubiri, akasukuma kiswichi. Upepo wa moto ukampiga usoni, ukungu wa kioo ukaanza kufunguka kutoka chini kwenda juu kama pazia. Mama akafumba macho.

"Ewaa! Daktari, Mungu akuweke. Na yule mzee nimekwenda kumwambia."

Daktari aliuliza huku anafuta mikono iliyokuwa safi. "Akasemaje?"

"Nilidhani atapiga kelele. Hakubisha. Nilimwambia mbele ya kamati, vile vile ulivyosema wewe, mpaka ile ya nguzo. Akauliza fyuzi ilifungwa na nini, nikamwambia karatasi ya sigara. Halafu akasema, 'Sikumbuki. Lakini kama mmeikuta hivyo, huenda ni mimi.'" Mama akatikisa kichwa. "Kwa kweli nilimwonea huruma. Lakini huruma haiendeshi gari."

Mlango wa kusema ulikuwa wazi hapo, mpana, hauna hata bawaba. Daktari alifungua mdomo.

"Washa na taa kubwa," alisema, "tuone kama feni inapungua nguvu."

Haikupungua hata kidogo.

Siku iliyofuata, mchana, Mwalimu mwenyewe alipanda kilima. Daktari alimwona kwa mbali, kofia yake ya sufu, mfuko wa zana begani, hatua za mtu anayezihesabia mawe, na wazo la kwanza lililomjia, na ambalo baadaye lilimchoma kuliko mengine yote, lilikuwa la kujificha chini ya gari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mkwe yuko salama?"

"Sijambo. Yuko salama." Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inakimbia.

Mzee hakukubali kiti. Alisimama akitazama nyaya zilizoning'inia ukutani, moja moja, kama anayeaga.

"Nimekuja kukushukuru," alisema. "Umemnusuru yule mama. Angeungua, ningejibu nini?" Akagusa waya mmoja. "Nimekesha nikijaribu kukumbuka. Taa ya nyuma naikumbuka, ilikuwa balbu tu. Dashibodi siikumbuki kabisa. Nimejiuliza, nilikaa vipi? Nililala upande gani? Hamna kitu. Hilo ndilo linalonitisha. Si kwamba nimefanya vibaya, watu hufanya vibaya. Kwamba nimefanya na sijui."

Daktari alikuwa anatazama viatu vya mzee. Kamba ya kimoja ilikuwa waya mwekundu.

"Kesho asubuhi narudisha funguo za stoo ya chama. Bora niache kabla sijaua mtu." Akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Daktari alikijua kabla hakijafunguliwa. Ni taa ya kupimia ya Mwalimu, kibalbu kidogo ndani ya bomba la kalamu, ncha ya msumari upande mmoja, waya na kibanio upande wa pili. Mzee aliitengeneza mwenyewe ujanani, na wanafunzi wake wote waliwahi kupigwa vidoleni kwa kuishika bila ruhusa. "Chukua wewe. Wewe ndiye uliyeliona kosa langu."

Na Daktari akaichukua.

Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, kwa upole kabisa, kama mdomo wa mtu mwema: "Pumzika, Mwalimu. Umefanya kazi sana."

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Mzee alipokwisha shuka, mkewe alitoka nyuma ya pazia na sindano mdomoni. Alimvua koti begani, maana mfuko ulikuwa umetatuka na alikuwa amemwahidi kuushona. Akaupindua nje. Kiungo cha waya kikadondoka juu ya meza, katikati ya chaki na mkasi. Alikiokota, akakigeuza. Akatazama rafu yake, pale gurudumu la zambarau lilipokuwa limekaa limenona.

"Huu ni uzi wangu."

"Eeh."

"Umetoka wapi?"

Daktari alimwambia. Alimwambia akiwa amempa mgongo, akijidai anapanga bisibisi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akatoa sindano mdomoni ili aongee vizuri.

"Yaani mgonjwa ulimuua wewe, halafu ukamwita mzee wa watu muuaji, halafu mzee akakuletea zawadi, na zawadi ukapokea?"

"Mke wangu..."

"Na mimi umeniingiza. Mzee anaacha kazi kwa uzi wangu. Nilikuwa sina hata habari, nimekaa hapa nashona vifungo."

"Sasa nifanyeje? Nikisema, nani ataniletea gari tena? Nimepiga kelele mpaka barabarani."

"Mimi nikikosea mkono wa gauni nafumua, na mwenye gauni amesimama hapo anatazama. Ni aibu, ndiyo. Ila sijawahi kumwambia kwamba mkono wake ndio mrefu." Akamrudishia kiungo kiganjani, akamfunga vidole juu yake. "Koti nitakushonea. Hilo jingine fumua mwenyewe."

Asubuhi uwanja wa chama ulikuwa umejaa makopo ya maziwa na pumzi za watu. Pikapu ya kijani ilikuwa inanguruma katikati, kioo chake kikavu kama kioo cha dukani, na waliokuwa wanangoja kupimiwa maziwa walikuwa wanasogea dirishani kwa zamu kuota joto. Daktari alipotokea wakampokea kama bwana harusi.

"Daktari! Njoo unifungie hiyo hita hata kwenye mkokoteni!" alisema mmoja.

"Mfungie mke wake kwanza," akajibu mwingine, wakacheka.

Kila kicheko kilimwingia kama msumari. Mwalimu alikuwa mlangoni mwa stoo, pete ya funguo mkononi, anamsubiri Mama Maziwa amalize kuandikisha makopo. Daktari akamsogelea.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba tusogee pembeni kidogo."

"Marahaba. Pembeni pana nini?"

Akanyoosha kiganja na kukifungua. Mzee alikichukua kile kiungo, akakisogeza karibu na jicho, akakiweka mbali, kisha akaacha kutazama, akafumba macho na kukipapasa kwa kidole gumba. Alikwenda na mzunguko wa uzi, polepole, mpaka mwisho.

"Aliyezungusha uzi huu," alisema, "anatumia mkono wa kushoto."

Daktari alikuwa fundi pekee wa mkono wa kushoto kwenye kilima kile. Mwalimu ndiye aliyekuwa akimgeuzia mpini wa bisibisi upande wa kushoto zamani, ili asiumie.

"Nimeutoa kwenye ile pikapu," alisema Daktari. "Ilikuwa nyeupe zamani. Ni kazi yangu. Na ile fyuzi. Si wewe."

"Sisikii."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Juzi ulikuwa kule juu na mimi nilikuwa huku chini," alisema mzee, "na nimesikia mpaka nguzo niliyosalimiana nayo. Leo uko mbele yangu sisikii. Sema kwa sauti ile ile."

Daktari aligeuka. Watu walikuwa wanamtazama huku wanatabasamu tayari, wakidhani linakuja jingine la kuchekesha. Alivuta pumzi. Sauti iliyotoka mara ya kwanza ilikuwa ya mbu. Akajaribu tena, na hiyo ikafika mpaka kwenye makopo ya mwisho.

"Ile pikapu niliiharibu mimi! Waya nilifunga mimi, karatasi ya sigara niliweka mimi! Mwalimu hakugusa! Nilimsingizia!"

Iliyosikika ni feni ya hita tu, ikivuma vizuri sana, kana kwamba inamdhihaki. Akatazama kama Mwalimu atampiga. Mwalimu hakuwa anamtazama. Alikuwa ameketi juu ya kopo tupu, funguo zimelala mapajani, na uso wake ulikuwa umelegea wote kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe sijasahau," alisema, na alikuwa anajiambia mwenyewe. "Nilikuwa najua sikulala kwenye gari lile. Kumbe sijasahau."

Hilo ndilo lililommaliza Daktari. Kupigwa angeweza. Alikuwa amejiandaa kupigwa.

Mama Maziwa alikuja akiwapisha watu kwa viwiko. "Ebu rudia hapo," alisema. "Panya je? Mnyoosha Bodi aliniambia ulikuta panya."

"Hapakuwa na panya."

"Alikuwepo," alisema mama. "Alikuwa na miguu miwili imetokeza mlangoni." Uwanja mzima ukapasuka. Mama hakucheka. Alimgeukia mzee, akapiga goti kidogo akiwa bado na kalamu mkononi. "Mwalimu, mimi ndiye niliyelibeba neno lile mpaka kwenye kamati. Nitalibeba kurudi leo leo. Hizo funguo tia mfukoni, tafadhali."

Mzee akazitia mfukoni. Kisha akanyoosha mkono kwa Daktari, kiganja juu.

"Taa yangu."

Daktari akaitoa, ikiwa bado ndani ya kitambaa chake. Mwalimu aliifungua, akaenda nayo mpaka kwenye pikapu, akafungua boneti, akabana waya kwenye hasi na kugusa chanya kwa msumari. Kibalbu kikawaka. Akagusa tena. Aliijaribu mara tatu mbele ya watu wote, kana kwamba kwa siku moja tu aliyokaa nayo Daktari huenda na taa nayo ilikuwa imejifunza kusema uongo.

"Wengine wakifanya hivi," alisema alipokuwa anaifunga, "nasema mwenzetu alikuwa na haraka. Wewe siwezi kukusemea hivyo. Wewe nilikufundisha mimi." Na akaingia stoo.

Mtu angependa kusema kwamba mambo yaliisha hapo. Watoto hawakukubali. Kabla wiki haijaisha jina la Daktari lilikuwa limekufa, naye anaitwa Uzi kuanzia bondeni hadi barabarani, hata na wale wasiojua kwa nini. Maandishi mekundu bado yako juu ya mlango, ila hakuna anayeyasoma. Wateja walipungua, wakarudi mmoja mmoja, wengi wao kwa ajili ya kumtania, na ukishamtania mtu unaona haya kuondoka bila kumwachia hata balbu abadilishe. Bondeni hushuka akikwama kwenye kazi. Mwalimu humwelekeza, humjibu salamu, humuulizia mkwe. Taa hajamwachia aishike tena.

Na bado yanamjia magari yaliyofanyiwa mambo ya kutisha. Mwenye gari anasimama pale na wasiwasi wake, Mnyoosha Bodi anaweka nyundo chini, anakuja kusikiliza.

"Uzi! Ebu tuambie, nani kamfanyia mtu unyama huu?"

Naye anachukua tochi, anaingiza kichwa taratibu, anavuta tepu kidogo kidogo na kuchungulia chini yake ni rangi gani.

"Subiri kwanza," anasema. "Bado natazama."